Wati 1000 kwenye karatasi, "Jumatatu" au "Jumatano" kwenye sikio



Mmezoea kuniona hapa nikiandika juu ya barabara, bei ya unga wa muhogo, maji na usalama. Leo naandika juu ya ampli. Msicheke. Hapa Uvira na katika bonde la Ruzizi, ampli ndiyo mdomo wa kamati ya kambi, wa muuguzi, wa kanisa, wa msikiti na wa shule. Siku ya kugawa chakula inatangazwa kwa ampli. Chanjo inatangazwa kwa ampli. Kolera ikiingia, mahali pa kuchota maji yenye dawa panatangazwa kwa ampli. Mtoto akipotea sokoni, jina lake linaitwa kwa ampli. Na chombo hicho mara nyingi kinanunuliwa kwa franka zilizochangwa na watu ambao hawajala mara mbili siku hiyo.

Kwa hiyo swali la jinsi ya kusoma namba zilizoandikwa nyuma ya ampli si la mafundi peke yao. Ni letu sote.

Mimi si fundi wa umeme, ni mwandishi wa habari. Lakini kazi yangu imenifunza jambo moja ambalo linafaa hapa: habari isiyosema nani, wapi, lini na ilionekanaje, hiyo ni uvumi. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa uongo, lakini huwezi kuisimamia. Namba ya ampli ni vilevile. Ukiambiwa "wati 1000" au "asilimia 0.05" bila kuambiwa ilipimwaje, umepewa uvumi wenye sura ya hesabu.

Niwaeleze kwanza shida ilikotoka. Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani ninayoitembelea mara kwa mara, kamati ilikuwa inatangaza kwa ampli ya kuazima. Siku moja nilimkuta mama mmoja mzee, aliyeteremka kutoka milimani baada ya kijiji chake kuchomwa, amekaa juu ya mfuko mtupu mahali pa kugawia chakula. Hapakuwa na mtu mwingine. Ilikuwa Jumatano. Ugawaji ulikwisha tangu Jumatatu.

"Walisema Jumatano, mwanangu," aliniambia. "Nilisikia kwa masikio yangu."

Ugawaji uliofuata ulikuwa bado mwezi mzima. Majirani walimsaidia kikombe kwa kikombe, lakini mnajua kikombe cha mkimbizi kina kina gani.

Kosa lilikuwa la nani? Sikutaka kuilaumu ampli haraka. Lugha yetu yenyewe ina mtego. Watu wa pwani na wa redio husema Jumatatu. Huku kwetu wengi husema siku ya kwanza. Jumatano ya redio ni siku ya tatu ya nyumbani. Anayesikia "tatu" anaweza kuhesabu njia mbili. Basi inawezekana mama alisikia vizuri na kuelewa vingine. Lakini nilipouliza familia za upande ule ule wa kambi, kando ya mfereji, mbali na bafle, wengi walisema kitu kimoja: sauti hufika, tena hufika kwa nguvu, ila maneno hayafiki. "Ni kama mtu anazungumza akiwa na muhogo wa moto mdomoni," kijana mmoja alisema.

Sauti kufika na maneno kutofika: hapo ndipo neno la mafundi linapoingia, distosioni. Maana yake ni kwamba kilichotoka kwenye ampli si kile kilichoingia. Ampli inatakiwa kukuza tu. Ikiwa inakuza na papo hapo inaongeza vitu vyake, hiyo ni distosioni.

Fundi hupima hivi. Anaingiza sauti moja safi, kwa mfano ya hezi 1000, yaani mawimbi 1000 kwa sekunde. Ampli kamili ingetoa hezi 1000 tu. Ampli ya kweli inatoa hezi 1000, pamoja na kidogo cha 2000, cha 3000, cha 4000 na kuendelea. Nyongeza hizo huitwa hamoniki. Fundi anazijumlisha kwa hesabu yao na kuzilinganisha na sauti ya asili. Ikiwa sauti ya asili ni volti 10 na nyongeza zote pamoja ni sawa na volti 0.1, distosioni ni asilimia 1. Kwenye makaratasi utaona herufi THD. Ukiona THD+N, ina maana wamehesabu pia mvumo na kelele ya chombo chenyewe.

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu ni kwamba asilimia hiyo si tabia ya kudumu ya ampli kama rangi yake au uzito wake. Inabadilika. Sauti ikiwa ndogo ina namba moja, ikiwa kubwa ina namba nyingine. Kwa bafle moja ina namba hii, kwa bafle mbili ina namba ile. Betri ikiwa imejaa au imechoka, namba inahama. Ndiyo sababu ni lazima kuuliza: ilipimwa kwa wati ngapi, kwa hezi ngapi, kwa mzigo wa omu ngapi, na kwa umeme gani?

Kamati ilichangisha dola 118. Kwenye duka moja tulikuta ampli mbili za volti 12, zinazoweza kutumia betri ya gari. Ya kwanza iliuzwa dola 80. Ilikuwa na taa za buluu, na kwenye boksi maandishi makubwa: wati 1000 PMPO, THD asilimia 0.05. Ya pili iliuzwa dola 115. Ilikuwa nzito, ya rangi ya majivu, na karatasi yake ilisema: wati 60, THD asilimia 1, hezi 1000, omu 4, volti 12.6.

Vijana wa kambi walikwisha kuchagua. Kiongozi wao alinivuta mkono: "Papa mwandishi, hii ni wati elfu moja. Hata Bujumbura ng'ambo watasikia. Na distosioni yake ni ndogo mara ishirini. Tena tunabakiza dola 38 za kununua bafle nyingine." Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kama namba zile mbili zilikuwa za jambo moja. Mama mmoja wa kamati akamjibu: "Kitu cha bei rahisi chenye sifa nyingi, huwa namuuliza kwanza anayekiuza kwa nini hakitumii yeye."

Tukaacha pesa yote kama amana kwa mwenye duka, tukapewa ampli zote mbili kwa siku moja, tukaenda kwa fundi wa redio ambaye ana osiloskopu ya zamani na kompyuta yenye programu ya kuchora hamoniki. Badala ya bafle aliweka resistansi kubwa za omu 4, ili tusiuwe masikio ya jirani, na akatumia betri ile ile, imejaa, kwa zote mbili.

Matokeo niliyaandika kwenye daftari. Ampli ya buluu, kwa wati 1, ilikuwa na distosioni ya asilimia 0.04. Yaani boksi halikudanganya. Ni kweli chombo kilikuwa kisafi. Kwa wati 10 ilikuwa bado 0.2. Kwa wati 13 ikafika 1. Kisha, kwa wati 16 tu, ikaruka hadi 10. Ampli ya majivu kwa wati 1 ilikuwa na 0.5, mbaya zaidi ya mwenzake mara kumi na zaidi. Kwa wati 10 ilikuwa 0.6. Kwa wati 40 ilikuwa 0.8. Ilifika asilimia 1 kwenye wati 55.

Someni tena namba hizo polepole. Ampli ya "wati 1000" ilikuwa na wati 13 safi. Ampli ya "wati 60" ilikuwa na 55. Na ile iliyojisifu kwa usafi ilikuwa safi kweli, lakini kwa sauti ya kuongea na mtu aliye chumbani.

Fundi alitueleza sababu kwa mfano wa nyumba. Betri ya volti 12 ni kama paa. Wimbi la sauti linaweza kuinuka hadi kwenye paa, si zaidi. Ukilisukuma zaidi, kichwa chake kinakatwa na kuwa bapa. Ukiendelea kusukuma mpaka wimbi zima liwe la mraba kama tofali, distosioni inafika karibu asilimia 48. Ampli ya majivu ina transfoma ndani inayoinua volti, yaani imejengewa paa la juu zaidi. Transfoma hiyo hiyo ndiyo inayoiongezea ile nusu asilimia ya uchafu kila wakati. Amelipa kidogo hapa ili apate kingi pale.

Na zile wati 1000? PMPO ni namba isiyo na kanuni moja inayokubaliwa na wote. Kila kiwanda kinaweza kuhesabu kinavyotaka. Huko Marekani udanganyifu wa namna hii ulizidi kiasi kwamba mwaka 1974 serikali iliweka kanuni ya kulazimisha wauzaji wa ampli za nyumbani waseme wati zao zilipimwaje, pamoja na distosioni yake. Mwaka 2024 kanuni hiyo ikakazwa: ampli inapimwa kwa omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na distosioni isizidi asilimia 1. Kanuni hiyo haifiki kwenye maduka yetu. Huku mlinzi ni mnunuzi mwenyewe.

Nilimuuliza fundi: inawezekanaje chombo kiwe kisafi hivyo halafu kianguke ghafla hivyo, kana kwamba kimefika ukingoni mwa korongo? Jibu lake linatupeleka mbali kidogo, lakini linafaa kujua.

Miaka ya 1920, kampuni za simu za Marekani zilitaka watu wazungumze kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Kwenye waya mrefu sauti hufifia, kwa hiyo waliweka ampli nyingi njiani, moja baada ya nyingine. Kila ampli iliongeza uchafu wake mdogo, na uchafu wa ya kwanza ukakuzwa na ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho maneno yakapotea. Ni kama ujumbe unaopita midomo ishirini kutoka kijiji hadi kijiji. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi Harold Black alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Hapo akapata wazo, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mwanzoni, kilinganishwe na kilichoingia, na tofauti itumike kusahihisha. Ampli ijisikilize yenyewe na kujirekebisha.

Njia hiyo iko karibu katika kila ampli tunayotumia leo. Ndiyo inayofanya chombo cha bei rahisi kiwe na asilimia 0.05. Lakini kujirekebisha kunahitaji nafasi. Wimbi likishagonga paa, ampli inajua kabisa kwamba imekosea, ila haina volti ya kujisahihisha nayo. Kwa hiyo msaada wote unakatika mara moja. Usafi wa chini na kuanguka ghafla juu ni tabia ya chombo kimoja. Namba ya chini haikuambii chochote juu ya ukingo uko wapi.

Ndiyo maana karatasi nzuri haiweki namba moja, inaweka mchoro. Ukipata mchoro wa THD+N, wati zikiwa zimeandikwa chini na asilimia ubavuni, usitafute mahali penye asilimia ndogo kuliko zote. Upande wa kushoto, kwenye wati ndogo, mstari mara nyingi uko juu kidogo. Mara nyingi hiyo ni kelele ya chombo tu, inayoonekana kubwa kwa sababu sauti yenyewe ni ndogo. Kisha mstari unashuka. Kisha, kwa ghafla, unapinda na kupanda kama goti. Goti ndilo la kutazama. Wati zilizo kabla ya goti ni zako. Zilizo baada ya goti ni za maneno ya boksi.

Kuna jambo jingine ambalo asilimia inaficha: ni nyongeza gani zimejumlishwa. Mwaka 1950 mhandisi wa redio ya BBC, D. E. L. Shorter, alionyesha kwamba masikio hayazihukumu hamoniki zote sawa. Hamoniki ya pili iko karibu na sauti ya asili na hujificha ndani yake; kwa mwanamuziki ni oktava tu. Ya saba iko mbali, inachoma. Alipendekeza kila hamoniki ipewe uzito: chukua namba yake, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa nne. Ya pili inapata uzito wa 1, ya sita inapata 9. Kwenye kompyuta ya fundi tuliona jambo hilo kwa macho. Nusu asilimia ya ampli ya majivu ilikuwa karibu yote ni vijiti viwili vifupi, cha pili na cha tatu. Ampli ya buluu ilipogonga paa, vijiti vilisimama mstari mzima kama ua wa mianzi, hadi mwisho wa ekrani. Asilimia ya namna ya kwanza na asilimia ya namna ya pili hazinunui kitu kimoja.

Lakini vijiti si watu. Tulirudi kambini, maana mwenye kuamua ni sikio la yule anayeishi kando ya mfereji.

Tulitumia mikro ile ile na bafle zile zile mbili zenye mdomo wa tarumbeta. Watu wanane wa klabu ya wasikilizaji walikaa mwisho wa kambi, wamegeuza migongo, hawajui ampli ipi inatumika. Muuguzi alisoma matangazo ishirini mafupi, kila moja likiwa na siku na saa, akibadilisha Jumatatu na Jumatano, saa mbili na saa tatu, sita na saba. Ampli ziliongezwa mpaka sauti ikafika huko sawasawa. Watu waliandika walichosikia, na waliokuwa hawajui kuandika walimnong'oneza mtoto wa shule.

Kwa ampli ya buluu, makaratasi mengi yalikuwa na majibu sahihi kumi na moja hadi kumi na matatu. Kwa ile ya majivu, hakuna aliyeshuka chini ya kumi na saba. Kiongozi wa vijana, aliyekuwa mmoja wa wanane, alikuwa ameandika Jumatano mahali pa Jumatatu mara tatu. Aliposomewa ni kwa ampli ipi, aliangalia chini, kisha akacheka mwenyewe kabla hatujacheka sisi.

Halafu tukafanya jaribio la tatu, ambalo nataka mlikumbuke. Tulipunguza ampli ya buluu hadi chini ya goti lake na kuwaleta wasikilizaji wanane kwenye nusu ya umbali. Wote wakapata kumi na saba na zaidi. Yaani chombo kile hakikuwa kibaya. Kilikuwa kidogo, kimevalishwa koti la mkubwa.

Hesabu inakubaliana na masikio. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Kutoka wati 13 hadi wati 55 ni kama desibeli 6 vilevile. Kwa hiyo ampli ya majivu inafika safi mara mbili ya umbali wa ile ya buluu.

Msomaji mwenye elimu anaweza kunikatiza hapa. Ni kweli kwamba mtafiti wa Marekani, J. C. R. Licklider, alionyesha miaka ya 1940 kwamba sauti ya mtu ikikatwa vichwa vya mawimbi, hata sana, msikilizaji bado anaweza kuelewa maneno mengi. Lakini sikio katika chumba kimya si sikio la kambini. Kwetu kuna upepo wa ziwa, watoto wanalia, kinu cha unga kinanguruma, na sauti inagonga mabati na kurudi. Irabu nzito kama "a" na "o" zikikatwa zinazaa takataka nyingi za juu, na takataka hizo zinaangukia palepale konsonanti nyepesi kama "t" zinapokaa, kwenye hezi 2000 na zaidi. Tofauti ya Jumatatu na Jumatano ni silabi moja ya mwisho, tena mwishoni ndipo msomaji huwa anaishiwa pumzi. Ukiongeza mwangwi wa mabati juu yake, silabi ile inazama.

Wala sisemi distosioni ni uovu kila mahali. Sisi Wakongo ndio wa mwisho kusema hivyo. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, la Mawangu Mingiedi, lilitia likembe umeme kwa mikro zilizotengenezwa na sumaku za vipande vya magari ya zamani, na kuvumisha muziki kwa vipaza-sauti chakavu. Uchafu uliotoka humo haukuondolewa. Ukawa sehemu ya muziki, na muziki huo ukasikika Ulaya na Marekani. Katika ngoma, uchafu unaweza kuwa chumvi. Katika tangazo la kolera, ni mchanga ndani ya wali. Namba ile ile inaweza kuwa nzuri au mbaya kulingana na kazi unayoipa, na hiyo pia ni sehemu ya kuisoma.

Basi ukienda kununua, uliza haya. Wati hizi ni kwa distosioni ya asilimia ngapi? Wakisema 10, toa karibu robo ya wati hizo kichwani ili ukaribie wati safi. Ni kwa omu ngapi, na bafle zangu ni omu ngapi? Ni kwa umeme wa volti ngapi? Betri ikishuka kutoka volti 12.6 hadi 11, paa linashuka nayo, na karibu robo ya wati safi inapotea kabla hujafungua mdomo. Usihangaike kuchagua kati ya asilimia 0.05 na 0.5 kama wati safi hazilingani. Bafle nyingi zenyewe, zikisukumwa, huongeza asilimia moja au zaidi juu ya hiyo, na tofauti ile inafunikwa.

Kama karatasi haina kitu, tazama fyuzi. Hiyo haijui kujisifu. Fyuzi ya ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120 za kuingia, na sehemu ya hizo inageuka joto tu. Ampli ya wati 1000 kwa betri ya volti 12 ingehitaji zaidi ya ampea 83, na waya mnene kama kidole. Ukiona waya mwembamba kama wa redio, umekwisha kusoma karatasi yote.

Na wenye ampli ndogo tayari, msizitupe. Zishusheni sauti mpaka maneno yarudi. Hamisheni bafle katikati ya watu badala ya kuzisimamisha zote mlangoni. Mikro isimezwe, iwe kama upana wa kiganja kutoka mdomoni, maana mikro nayo ikizidishwa inakata mawimbi kabla hata ya kufika kwenye ampli, na hapo hakuna namba ya boksi itakayosaidia.

Kamati ilinunua ampli ya majivu. Dola 3 zilibaki, na bafle ya tatu haijapatikana hadi leo. Familia za upande wa juu bado zinasogea karibu tangazo likianza. Vijana hawakufurahia sana, kwa sababu haina taa. Lakini jambo jingine lilibadilika ambalo halikugharimu hata franka moja, na ndilo ningependa kila kambi na kila kanisa wachukue. Msomaji wa tangazo sasa husema siku kwa njia tatu, polepole: "Jumatatu. Siku ya kwanza ya juma. Tarehe kumi na mbili." Anayepoteza silabi moja bado ana nyingine mbili za kushikilia. Harold Black aliifundisha ampli kujirekebisha. Tangazo nalo linaweza kufanywa hivyo.

Kamati yoyote inayofikiria kununua ampli, msilipe kabla ya jaribio la migongo. Wati, asilimia na taa ziandikeni kwenye daftari, kisha mkalisheni bibi mmoja na mtoto mmoja mwisho wa kambi, someni matangazo ishirini, muone wataandika nini.

Mwenye jirani asiye na simu, amsomee.